Dari Tulilootesha Murangi

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo katikati ya mazoezi ya kwaya, na nimemshuhudia baba yangu mzazi akidanganya kweupe.

Baba, Boniphace Mafuru, ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu hapa Murangi tangu kabla sijazaliwa. Chumba cha mazoezi kiko nyuma ya kanisa: tofali za kuchoma, madirisha mawili, na juu bati tupu. Mvua ilipoanza kulipiga bati, wanakwaya waliendelea kufungua vinywa na baba akaendelea kupunga mikono, lakini mimi niliyekaa benchi la nyuma sikuambulia hata neno moja. Wimbo ulipokwisha baba akasema, "Safi. Sauti ya pili leo mmenifurahisha."

Sauti ya pili walikuwa wameacha kuimba kitambo. Niliwaona kwa macho yangu. Kiongozi wao, Matrida, alikuwa amekunja mikono kifuani, na wenzake wakichezesha midomo tu.

Masikio ya baba yamechoka, hilo tunalijua wote. Pakiwa kimya anasikia vizuri, hata anajua nani amekosea nota. Bati likianza kulia, anabaki kutazama midomo. Na masika ndiyo kwanza yanaanza.

Tulipokuwa tunatoka Matrida akamwambia mbele yangu, "Mwalimu, kamati ya kigango itakaa kabla ya Pentekoste. Kuna yule Florian wa Musoma mjini, ana kinanda cha umeme na maspika. Wewe umeshatumika sana. Pumzika."

Baba aliitikia kwa kichwa. Nyumbani hakugusa chakula. Naandika haya nimekasirika. Huyo mama simpendi.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi yangu ni kuchora nyumba. Nina meza katika ofisi ndogo pale Iringo, Musoma mjini, ambako kila mteja anataka nyumba ileile yenye nguzo nne mbele. Ninachokipenda hasa ni kingine: majengo yanayooteshwa. Chuoni niliotesha tofali za uyoga chini ya kitanda mpaka mwenye hosteli akatishia kunitoa.

Watu wanaujua uyoga wa kwenye sufuria, lakini huo ni tunda tu. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa ndani ya magunzi na pumba, zikishona kila zinachokigusa. Ukijaza magunzi kwenye fremu ukaziachia nyuzi zifanye kazi, unapata bamba moja jepesi. Ukilikausha kabisa, uyoga unakufa na bamba linabaki. Na lina vitundu vingi mno ndani yake, kelele ikiingia haitoki.

Leo nimeomba likizo bila malipo, masika yote. Bosi ameniuliza kama naumwa.

Jioni nimemweleza baba.

"Unataka kunitundikia ugali wenye ukungu juu ya kichwa?"

"Ndiyo, baba."

"Ukiniangukia je?"

"Utadhani umepigwa na mkate."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu jana. "Haya Agness, mwanangu. Otesha. Ila ukishindwa, mimi kwenye kamati sitabishana na mtu. Nitawaachia fimbo yao niondoke." Fimbo ni ile ya kuongozea kwaya, ya mpera, aliichonga mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Butiama, kwa Hyasinta, anayezalisha mbegu za uyoga wa mamama. Mbegu zenyewe ni mtama uliovaa utando mweupe, umefungwa kwenye vimfuko. Nilipomtajia idadi ya mifuko ninayotaka akaniuliza kama nalisha jeshi.

"Ni dari, dada."

"Dari gani?"

"La chumba cha kwaya. Ili mvua isipige kelele."

Akanitazama, akaita watu wa nyumbani kwake waje wanione. Kisha akanipa mfuko mmoja wa nyongeza. Mimi nawashibisha watu, akasema, wewe sasa unawafunika.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechoka hadi kucha. Katekista Gasper ametupa stoo ya kigango. Gody, fundi seremala wa Iringo, amenitengenezea fremu na kuzileta mwenyewe, akakaa kutwa nzima akidai anataka kuona mwisho wa kichekesho. Tumeponda magunzi, tumechanganya na magugu maji makavu, tumeyachemshia mvuke kwenye pipa ili yasibaki na vijidudu, tumeyapoza, tumetia mbegu, tumejaza fremu na kufunika kwa nailoni. Sasa ni giza, joto na subira. Subira sina.

Jumapili, 23 Machi

Gasper amenipa nafasi ya kutangaza baada ya ibada. Mbele za watu huwa naona aibu, nikasema kwa kifupi: "Tunaotesha uyoga stoo kwa ajili ya kwaya. Tunaomba mtuangalizie." Wamepiga makofi na vigelegele. Nimeshangaa jinsi walivyofurahi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mazoezi yameahirishwa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mazoezi yamefanyika, hakuna aliyesikia kitu. Baba amesifia watu.

Jumamosi, 5 Aprili

Zimeshona! Nimefunua kona ya fremu moja: peupe pee, na panatoa harufu ya ardhi iliyolowa. Nimebonyeza kwa kidole, hapabonyei. Nimecheza peke yangu stoo mpaka Gasper akaja kuchungulia.

Kesho naenda Bunda kutafuta pumba za mpunga za kuongezea, maana magunzi yameisha na fremu chache bado ni tupu. Nitafikia kwa shangazi, nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimekula dari langu mwenyewe. Niandike taratibu, maana bado sijui kama nilie au nicheke.

Nimeshuka Murangi saa sita na magunia yangu ya pumba. Nje ya stoo nikakuta akina mama wa kwaya, kanga mpya viunoni, sufuria kubwa jikoni. Wakanipokea magunia, wakanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Ni Ijumaa ya Kwaresima, nyama hatuli, na samaki tumewachoka. Matrida mwenyewe akanipakulia: uyoga uliopikwa kwa karanga, na ugali wa muhogo.

"Anza wewe," akasema. "Huku kwetu mavuno ya kwanza anaonjaga mwenye shamba. Tulikuwa tunakusubiri."

Nilikuwa na njaa ya safari. Nikala. Nikaongeza. Nikasema kwa ukweli wa moyo kwamba sijawahi kula uyoga mtamu kama huu. Wakapiga vigelegele. Nikiwa nafuta sahani kwa tonge la mwisho ndipo nikauliza, "Mmeutoa wapi?"

"Si wako huo?" akasema Matrida. "Uliacha umefunikwa na manailoni, unakosa pumzi. Sisi tumezaliwa na uyoga, tunajuaga unapenda nini. Tukayachana manailoni, tukaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Binti, uliota hadi raha!"

Nikakimbilia stoo. Mabamba yangu, karibu yote, yalikuwa yametoa uyoga kila upande, mengine yamevimba, mengine yamepasuka katikati. Pale ulipochumwa palibaki mashimo. Ukungu wa kijani umeanza kuingia kwenye nyufa.

Nilikaa chini sakafuni. Akina mama wakaja mlangoni, mmoja mmoja, na vigelegele vikakatika. Nikawaeleza yale niliyopaswa kuwaeleza siku ile kanisani: kwamba si shamba, ni dari, na kazi yake ni kumfanya Mwalimu awasikie mvua ikinyesha. Mmoja aliyekuwa bado anatafuna akaacha kutafuna.

Kisha nikalia kama mtoto, mdomoni bado nina ladha ya karanga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilipomsimulia baba asubuhi alitulia sana, nikadhani nimemvunja moyo. Kumbe anajizuia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wamekula dari," akawa anarudia. "Kwaya yangu imekula dari." Nikajikuta nami nacheka, sina la kufanya.

Saa nne akina mama wamekuja nyumbani kwa mstari, kila mmoja na gunia la magunzi kichwani. Wamepita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, wengine hadi Bugwema. Matrida hakuwepo. Nimeliona hilo, na nimeliweka moyoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi Butiama. Hyasinta amecheka hadi majirani wamekuja kuuliza kulikoni, kisha akanipa mbegu mpya. Mchana tumechemsha pipa akina mama wote tukiimba, na kabla ya jua kuzama fremu zote zimejaa. Safari hii mlangoni kuna tangazo, mwandiko wa Gody: HII SI MBOGA.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jua limewaka wakati wa misa, na kwaya imeimba vizuri ajabu. Baba ameng'aa. Mchana mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Florian amekuja kutembelea mazoezi. Nilitaka kumchukia nikashindwa: ni kijana mpole, alimwamkia baba na kumbebea kiti. Nilimsikia akimwambia Gasper kwamba maspika yanashinda mvua, ila watu huishia kupiga kelele badala ya kuimba.

Jumatatu, 5 Mei

Mabamba yameiva, mazuri kuliko ya kwanza. Akina mama wanayaita mikate. Ila kuna tatizo lisilonitoka akilini: yanatakiwa kukauka mara moja, la sivyo yataanza tena kutoa uyoga, na nililitegemea jua. Jua liko wapi? Wiki nzima mbingu imefunga. Nimejaribu jiko la mkaa, bamba likaungua upande mmoja na upande wa pili ukabaki unatoa maji. Moja tayari limechomoza vidole vidogo vyeupe pembeni.

Kamati inakaa tarehe 25.

Jumanne, 6 Mei

Matrida amekuja stoo asubuhi, peke yake, ananuka moshi. Yeye kazi yake ni kubanika samaki. Ana tanuri la udongo kando ya ziwa, la tabaka tabaka, ambamo sangara wanaingia wabichi na kutoka wakavu wa kusafirishwa mbali.

"Nasikia mikate yako haikauki," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tanuri langu liko tupu. Nimewaambia wavuvi wiki hii wauze kwingine."

Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini anisaidie, yeye ambaye anamtaka Florian.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Baba yako alinifundisha kuimba nikiwa msichana, sijui hata kusoma nota. Alikuwaga mkali! Alikuwaga anatugombeza mpaka mtu unalia, halafu Jumapili ukiimba unajiona malaika. Ile siku ya mvua tuliacha kuimba kwa sababu hata sisi tulikuwa hatusikiani. Nikasema ngoja, sasa hivi atatuwasha. Akatusifia. Mwanangu, ile sifa iliniuma kuliko matusi. Nikasema bora apumzike akiwa bado na heshima yake, kuliko watu waanze kumcheka." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na ule uyoga ni mimi niliyewaambia wachane manailoni. Nimeshindwa kuja kwenu kwa aibu. Haya, tunabeba au hatubebi?"

Tumebeba. Njiani nikamshukuru mara tatu.

Alhamisi, 8 Mei

Bamba la kwanza tumelichoma likawa mkaa. La pili limepinda. Matrida anawajua samaki, mimi naijua mikate, na tanuri halitujui sote wawili. Tukaanza kubishana kama mtu na dada yake: yeye anataka moto mdogo wa muda mrefu, mimi naogopa moshi. Tukajaribu makaa bila kuni, milango wazi nusu. La tatu likatoka jepesi, gumu, ukiligonga linajibu kwa sauti ya chini. Tukakumbatiana, wote weusi kama masizi.

Jumapili, 11 Mei

Tunaoka. Paka wote wa Murangi wamehamia tanurini.

Alhamisi, 15 Mei

Gody amepigilia fito na kupandisha mabamba, tumeyapaka chokaa juu na chini. Dari limekamilika. Linanuka sangara. Mwanakwaya akiingia tu anauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Baba ameingia, akasimama katikati, akapiga makofi mara moja. Akatega sikio. Akapiga tena. Kisha alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika. Siku ya tano hii hakuna hata tone.

Alhamisi, 22 Mei

Jua kali. Watu wa Bugwema wanaanika maharage na kumshukuru Mungu. Mimi naomba mvua, moja tu, Jumapili saa tisa, kamati itakapokuja kumpima baba chini ya dari. Matrida naye anaomba. Gasper amesema hawezi kuweka nia hiyo kwenye ibada, wakulima watampiga.

Jumapili, 25 Mei

Saa nane mbingu nyeupe, hakuna wingu. Kamati imefika, Florian amefika na kinanda chake, chumba kimejaa. Gasper akasema bila mvua hatuwezi kujua lolote, na maamuzi lazima yafanyike leo. Ndipo Gody akanyanyua mkono, akasema yeye atapanda juu na ndoo ya kokoto azimwage batini, kelele ni kelele. Watu wakacheka, Gasper akakubali. Gody akatoka na ngazi, na sisi tukafunga milango na madirisha kwa ajili ya jaribio.

Baba akasimama mbele na fimbo yake ya mpera. Amevaa shati jeupe nililompigia pasi. Akachagua wimbo mgumu kuliko yote, ule ambao sauti nne zinafukuzana. Akainua mikono.

Wakaanza. Baada ya ubeti wa kwanza nikasikia juu kitu kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya jirani. Nikajua Gody ameanza kumwaga. Nikamtazama baba. Hakuwa anatazama midomo ya mtu yeyote. Alikuwa amefumba macho.

Wakafika pale sauti ya pili inapoingia. Baba akagonga fimbo kwenye meza, wakakatiza.

"Nani ameingia kabla ya wenzake?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza nani? Matrida! Ni wewe. Umekimbilia wapi, kuna samaki anaungua? Na ile nota ya mwisho umeishusha, umeishusha vibaya, tangu lini unaimbaga hivyo? Mama mzima! Sauti ya pili wote mnaburuza. Tunarudia, na nikisikia tena mtu anaburuza, atatoka nje!"

Matrida alikuwa amesimama mdomo wazi. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa, akaingia Gody amelowa kuanzia nywele hadi viatu, maji yanamchuruzika, mkononi ameshika ndoo. Ndoo imejaa kokoto pomoni.

"Jamani, nimeshindwa kupanda," akasema. "Ngazi inateleza. Mvua yote hii hamuisikii?"

Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, tukaiona: mvua ya mawe ya ghafla kutoka ziwani, ya kufungia masika, ikichapa uwanja wa kanisa mpaka udongo unaruka, na kelele yake ikaingia ndani kwa nguvu. Gody akasukuma mlango ukajifunga. Kelele ikarudi kuwa mchele.

Watu wote tukainua vichwa tukatazama dari. Kisha tukamtazama baba, ambaye naye alikuwa anatazama dari, na machozi yanamtoka bila kuyaficha.

Matrida akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, analia na kucheka kwa pamoja. "Amenigombeza!" akawa anawaambia wenzake, anawashika mabega mmoja mmoja. "Mmesikia? Mwalimu amenigombeza!"

Gasper akamgeukia Florian kama anayetaka kusema jambo la kamati. Florian alikuwa ameshachomoa waya wa maspika. Akauliza, "Mwalimu, naweza kukupigia kinanda? Polepole tu."

"Kaa pale," baba akamwambia. "Na wewe usiburuze."

Jumatatu, 26 Mei

Matrida ameleta sato watatu waliobanikwa na ujumbe kwa baba: ajaribu kumgombeza kwa adabu, yeye sasa ana wajukuu. Baba amekula samaki wote, kisha akanituma nikamwambie mazoezi ni Jumatano saa kumi, mvua ije isije, na aje anaijua ile nota.